Supu ya Eliana

Kabla sijasema lolote juu ya nyumba ya Sostenes, niseme langu kwanza. Yule kuku nilimwacha mimi. Nilimwacha pale njia ya kuingia kwetu Ulemo inapoachana na lami, nikamwona Sostenes anasimamisha pikipiki na kumwokota, nami nikabaki nimejikunyata nyuma ya minyaa, kimya, kama mtu anayejisaidia. Mungu alikuwa ananiona. Mimi nilichoogopa ni kuonwa na watu wa kwaya.

Naitwa Agnes, ila hapa wananiita Mama Raymond. Darasa la saba nilimaliza, Biblia naisoma bila kusaidiwa, na kanisani nilikuwa naongoza sauti ya pili. Watu hawakujua kwamba tangu masika nilikuwa na kitu ndani yangu, na kitu chenyewe kilikuwa kinakula. Unajua ile harufu ya manyoya ya kuku yakimwagiwa maji ya moto, harufu ambayo kila mtu anaibania pua? Kwangu ilikuwa inanijaza mate. Siku moja nilijikuta nimechuchumaa kwenye shimo la taka nyuma ya mgahawa, natafuna utumbo mbichi, mchanga unakwaruza kwenye meno, na bado najiambia nimalize huu tu kisha niende ibada ya wanawake.

Sikumwambia mchungaji. Nilipanda basi kwenda Singida mjini, mtaa wa Mwankoko, kwa bibi mmoja anaitwa Amne, ambaye wanasema anatoa majini. Langu alilitoa. Alichukua kuku jike, mwekundu, akamzungusha kichwani kwangu, akamfungua mdomo akaniambia niteme humo, kisha akamfunga uzi mwekundu mguuni ili ajulikane kuwa kabeba mzigo. Akanipa masharti mepesi kabisa: nimpeleke mbugani mbali na watu, nimwache hai, mnyama wa porini ammalize. Asiliwe na mtu.

Basi liliponishusha niliona jua limeshuka na mazoezi ya kwaya yanakaribia. Mbugani ni mbali. Kuku alikuwa wa moto ndani ya mfuko kama ugali. Nikamwacha pale pale.

Sasa Sostenes. Huyu ni mfanyabiashara wa kuku wa kienyeji, na si mdogo. Anazunguka minada ya Iramba yote, ananunua, anapakia kwenye matenga, usiku lori linapeleka Dar. Lori moja linabeba kuku wa wafanyabiashara wengi, kwa hiyo kila mmoja ana alama yake. Kuna anayefunga kipande cha kitenge, kuna anayepaka rangi ya bluu kwenye bawa. Alama ya Sostenes ni uzi mwekundu, mguuni. Alipomwona kuku pembeni ya barabara na uzi mwekundu, angefikiri nini kingine? Alisema huyu wangu, kaponyoka kwenye tenga. Akafika nyumbani anacheka, akamwambia mke wake, Selina, kwamba kuku wake wana akili, wanashuka kwenye lori wanarudi kwa miguu.

Yaliyofuata mengine nilisimuliwa na Selina na mengine niliyaona mwenyewe, maana nyumba zetu zinapeana migongo.

Ni nyumba nzuri. Ina vigae sebuleni, ina geti, na nyuma ya jiko kuna banda la tofali ambalo watu wengine wangelalia. Asubuhi ya kwanza Sostenes alichelewa kuamka. Kwa mtu wa biashara ile ni jambo la ajabu, maana kuna majogoo nyuma ya dirisha lake wanaoamsha kijiji kizima. Hakuna aliyewika. Alipofungua banda aliwakuta kuku wote wamejirundika upande mmoja, wamepandana, walio chini wameshakufa kwa kukosa hewa, na kimya. Upande wa pili alikuwepo yule peke yake, katikati ya sakafu tupu, anamwangalia.

Akasema ni kicheche kaingia. Akatafuta tundu la kuziba, hakulipata.

Usiku huo alimpakia yule kuku kwenye tenga kwa mkono wake. Kesho yake jioni Selina akamkuta chini ya meza ya jikoni. Sostenes akawalaumu wapakiaji. Akataka amrudishe tena kwenye tenga, lakini binti yao alimkumbatia yule kuku akasema asiuzwe, ni wake. Huyo ndiye Eliana, mtoto wao wa pekee, darasa la kwanza. Selina alimpata baada ya mimba nyingi kuharibika, mpaka wakwe walishaanza kumtafutia Sostenes mke mwingine. Kwa hiyo Eliana akitaka kitu nyumba ile, anapewa. Kuku akabaki.

Harufu ilianza mashukani. Harufu ile ile, ya manyoya yaliyolowa maji ya moto, na hakuna aliyechinja. Selina akafua. Ikahamia kwenye nguo za Jumapili ndani ya kabati, kisha kwenye ndoo ya maji ya kunywa, kisha kwenye ulimi wake mwenyewe, anasema alikuwa anaamka asubuhi kama amelala na unyoya mdomoni. Bombani wanawake walianza kumtania.

"Mama Eliana, kwenu siku hizi sikukuu kila siku? Mnachinja tu, hata mapaja hatuonjeshwi."

Wakacheka. Na mimi nilikuwa hapo na ndoo yangu, nikacheka nao.

Kuku akaanza kutaga. Selina alivunja yai moja kwenye kikaango, na aliponisimulia hili alikuwa bado anafuta mikono kwenye kanga kama vile lipo. Lilikuwa la moto kabla ya kufika motoni. Ganda lilikuwa laini kama ngozi ya mtoto mchanga, halikupasuka, lilichanika. Ndani hakukuwa na kiini cha njano. Kulikuwa na ute wa kijivu, mzito kama makamasi, na katikati nywele ya mtu, ndefu, imejiviringa, na ncha yake ilikuwa inatikisika kidogo kidogo kama inatafuta pa kushika. Alilimwaga na kikaango chenyewe. Tangu hapo akiona yai analitupa shimoni. Hakujua kwamba mengi hakuwahi kuyaona. Eliana alikuwa anamtangulia kila asubuhi kwenye kiota, anayanywa yakiwa mabichi, halafu anapiga mswaki na kwenda shule.

Chakula cha nyumbani akakiacha. Uji anauangalia kama matapishi. Ugali hapana, mchele hapana, hata soda. Selina akadhani ni malaria inakuja. Jioni moja, wakati bado kuna mwanga, akasikia kitu kinagonga chumbani kwa mtoto. Ta, ta. Kinanyamaza. Ta, ta, ta. Kama kuku anayedonoa punje kwenye sakafu. Akaingia na ufagio amfukuze. Kuku alikuwepo kweli, amesimama pembeni ya kitanda, lakini hakuwa anadonoa. Sauti ilikuwa inatoka uvunguni. Selina akainama. Eliana alikuwa amelala kifudifudi, mikono ameibana mgongoni, anapiga kigae kwa meno ya mbele. Mawili yalishavunjika. Damu na mate vilikuwa vimetapakaa sakafuni, na katikati yake kulikuwa na nusu ya mende inayojaribu kutembea.

"Unafanya nini, mwanangu?" Selina anasema alinong'ona, hajui kwa nini.

"Naokota, mama."

"Unaokota nini?"

"Vinavyotembea. Vitamu."

Zahanati walimpa dawa ya minyoo, na ni haki yao, mtu angewaza nini zaidi. Ile dawa ilimtapisha. Alitapika manyoya, mabichi, yameshikana kwa kamasi, mengi kuliko yanayoweza kukaa kwenye tumbo la mtoto, na ndani ya yale manyoya kulikuwa na vichwa vidogo vya vifaranga ambavyo macho hayajafunguka. Selina alivizika nyuma ya choo kwa jembe, na alipomaliza akarudi kumkuta mtoto ameshavifukua.

Wakatuita tuombe. Tulikwenda na mchungaji na wazee wa kanisa, tukamzunguka pale sebuleni, na mimi niliyekuwa najua kila kitu nikaweka mkono wangu juu ya kichwa cha yule mtoto. Utosi ulikuwa unachemka. Tumbo lilishajaa kama ngoma na mikono imebaki vijiti. Mchungaji alipofika katikati ya sala Eliana akainua uso, akaniangalia mimi tu, akatabasamu na yale meno yaliyovunjika, akaushika mkono wangu akaulamba kiganja polepole kutoka kwenye kifundo mpaka vidoleni. Mdomo wake ulikuwa unanuka shimo la taka.

"Mama Raymond," akasema kwa sauti ndogo, "unanukia kwetu."

Nikasema amina kwa sauti kuliko wote.

Hapo ndipo Sostenes alipofanya kosa lake, na ni kosa la mtu mwema. Kwetu mgonjwa anatengenezewa supu ya kuku wa kienyeji. Hata maskini atamchinjia mtoto wake kuku wa mwisho. Na yeye ndiye muuza kuku, angeshindwaje? Alirudi kutoka mnadani, akamwona mtoto alivyo, akaingia bandani. Wengine wote walishakonda, manyoya yamepukutika, wanatoa machozi. Mmoja tu alikuwa mnene.

Selina anasema alipochinjwa hakupiga mabawa. Damu haikuruka, ilitoka kama uji wa ulezi, nyeusi, ikakaa pale pale bila kusambaa, na nzi waliotua juu yake hawakuinuka tena. Wakambandika jikoni mchana. Jua likazama, mkaa ukaongezwa, maji yakawa meupe na kuchacha kama maziwa yaliyoharibika, na nyama ilikuwa bado ya pinki kama ulimi. Sostenes akaenda kutafuta mkaa mwingine. Selina akatoka nje mara moja tu kuchukua kuni, na aliporudi mlangoni akamkuta Eliana, yule ambaye tangu jana hakuweza hata kukaa bila kushikiliwa, amechuchumaa mbele ya jiko na mikono yake yote miwili iko ndani ya sufuria inayochemka mpaka kwenye viwiko na haiungui, anachomoa vipande na kuvishindilia mdomoni bila kutafuna, koo linavimba na kushuka, linavimba na kushuka, mifupa inavunjika humo ndani kwa sauti ya kuni kavu, mafuta ya kijivu yanamtiririka kidevuni mpaka kifuani, na cha mwisho kilikuwa mguu, mguu mzima na kucha zake, ambao aliumeza kuanzia pajani mpaka ukabaki uzi mwekundu unaning'inia mdomoni, na akiwa anamwangalia mama yake akauvuta ndani polepole, kama mtu anayekunywa.

Baada ya hapo hakula tena kitu chochote, kibichi wala kilichopikwa. Alikuwa analala mdomo wazi. Kuna kitu kilikuwa kinamla yeye.

Selina alikuja mlango wangu wa nyuma asubuhi. Hakubisha hodi, alisimama akanisimulia ya ile supu.

"Mama Raymond," akasema, "mtoto wangu anakufa. Wewe ni mtu wa Mungu. Niambie nimekosa wapi."

Niliingia ndani nikachukua pochi, nikaenda kusimama barabarani kusubiri basi.

Bibi Amne nilimkuta barazani anachambua mchele. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa, akaniuliza kama yule kuku nilimfikisha mbugani. Nikasema hapana. Akauliza nilimwacha wapi.

"Njiani, bibi. Nilikuwa nachelewa kwaya."

Mikono ikasimama kwenye ungo. "Kwaya," akasema. "Haya. Mliimba vizuri?"

Nikalia. Hakunibembeleza. Nilipomaliza kumweleza yote, mpaka ile supu, alimwaga ule mchele chini kana kwamba umeingia uchafu. Akasema kuku mwingine hatafaa. Jini lile sasa limeonja mtoto, haliwezi kukubali kurudi ndani ya ndege. Na akaniambia jambo ambalo mara ya kwanza sikuliuliza: kwamba linapita mdomoni. Linahama kwa chakula, kutoka mkono wa aliye nalo kwenda mdomo wa asiye nalo. Kulitoa kwa yule mtoto kuna njia moja. Mtu aliite kwa hiari yake, alikaribishe, na kile atakachokitema mtoto, yeye akimeze.

"Mtu yeyote?" nikauliza.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Hata mama yake. Ukimwambia mama yake, atakubali kabla hujamaliza kusema. Lakini wewe unajua ni nani aliyelileta."

Nikamuuliza kama, likishaingia kwa huyo mtu, yeye bibi anaweza kulitoa tena. Akasema hapana, yeye hawezi tena, na akaniomba nisirudi kwake.

Nakiri mbele za Mungu: njia nzima ndani ya basi nilikuwa napanga maneno ya kumwambia Selina. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Ningemwambia nimeoteshwa kwamba mama mzazi ndiye anayetakiwa. Angeniamini, na angenishukuru.

Nilifika nikamkuta Sostenes amekaa mlangoni juu ya tenga tupu, hajanyoa, hajaenda mnadani. Akaniambia shikamoo dada, maana ni mdogo kwangu, na ile shikamoo ndiyo iliyonikata maneno yangu yote. Nikasimama pale pale nikasema kweli. Nikasema kuku ni wangu, jini ni langu, nilimwacha njiani, nilikuona unamwokota, nikanyamaza. Alisimama. Nikadhani atanipiga na nikatamani anipige. Akakaa tena, akaficha uso.

Selina alikuwa amesikia kutoka ndani. Akatoka, akasimama mbele yangu.

"Kwa hiyo ulikuwa unatuombea," akasema.

Kisha nikawaeleza la Bibi Amne, lote, bila kuficha kwamba hata mama anaweza. Kama nilivyoambiwa, sikumaliza. Alishageuka, alishapiga magoti kwenye mkeka alipolala mtoto, anamwinua kichwa, anasema nipe mimi, nitakula mimi, mwanangu teme, mtemee mama. Na Eliana akaanza kukohoa.

Sikuwahi kuwa mtu jasiri. Nilimsukuma tu. Nilimsukuma mama wa watu akaanguka kwenye vigae vyake, nikakinga viganja vyangu chini ya kile kidevu, nikasema, "Karibu nyumbani," na kilitoka, kwanza maji ya kijani yenye harufu ya banda lisilofagiliwa, kisha kitu kizima, cha moto, kizito kama ini, kimefungwa kwenye nywele na ute wa yai na vipande vya mifupa, na uzi umekizunguka, na kilikuwa kinapumua, kinapanda na kushuka mkononi mwangu kama kifaranga anayelala, nami nikafumba macho nikakiingiza mdomoni na hakikutaka kupita, kilijikunjua, kikanishika fizi, nikasikia kinaonja ulimi wangu kabla mimi sijakionja, na kilichonichefua mpaka leo si uchungu wala uvundo, ni kwamba kilikuwa kitamu, kitamu kama asali, na nilipokuwa nameza nilikuwa nalamba na vidole.

Nikanyoosha mgongo. Chumba kizima kilikuwa hakinuki tena. Nilikuwa nanuka mimi.

Eliana alilala. Alipoamka aliomba uji, wa ulezi, wenye sukari. Nilisikia kupitia ukutani Selina anacheka na kulia pamoja, na Sostenes anaangusha vyombo akitafuta sukari.

Sasa yule mtoto yupo darasa la pili. Meno mapya yameota. Baba yake aliacha kuku, siku hizi ananunua vitunguu, na lile banda alilivunja tofali moja moja. Hawaniongeleshi, na ni haki. Eliana akipita kwenda shule ananiamkia kutoka ng'ambo ya barabara, kama alivyofundishwa, na mimi naitikia kwa mkono, sifungui mdomo.

Kwaya nimeacha. Raymond mwanangu anafanya kazi Dodoma, nimemwambia asije, na hajui kwa nini, anadhani simpendi. Nasali bado. Wakati mwingine sala inakatika katikati kwa sababu mate yamejaa.

Sijui mimi mwenyewe nililipatia nyumba ya nani. Nimekula kwenye nyumba nyingi maishani, misiba, ubatizo, vipaimara, na kila mahali walinikaribisha vizuri. Mmoja kati yao alikuwa anajua anachonipa. Zamani nilikuwa namchukia mtu huyo. Siku hizi namwelewa, maana najua jinsi ilivyo rahisi: sahani moja tu, neno zuri moja, na mimi ninakuwa nimepona. Jioni zinakuwa ndefu. Najikuta nimepika kingi kuliko ninachoweza kula, nimefunika kwa kitambaa safi, nimekaa mlangoni naangalia nani anapita.

Kwa hiyo nakuomba. Ukifika kwangu, nikikukaribisha chakula, ukatae. Hata nikikulilia, ukatae.